Prado ya zamani au ya kisasa? 90, 120 na 150 kwa mtu wa Dodoma mwenye shamba porini

Shemeji yangu anafanya kazi Mtumba, anakaa Kisasa, na ana ekari zake za alizeti kule Kwa Mtoro, wilaya ya Chemba. Mwezi huu kapata hela na kichwani kwake kuna neno moja tu, Prado, ile Land Cruiser ya Toyota ambayo vizazi vyake tunaviita kwa namba: 90, 120, 150. Sasa kila jioni ananipigia, leo "shem, kuna 120 namba D hapa Area C, niibebe?", kesho "shem, nimeona 150 ya 2010 iko Japani, bei imeshuka mno, niagize?", keshokutwa kuna mzee Nkuhungu anauza 90 yake kwa hela ya bodaboda chache tu na shemeji anauliza kama hiyo ni bahati au mtego. Nimechoka kujibu vipande vipande, naandika yote hapa mara moja, na we mwingine uliye kwenye hali hiyohiyo vuta kiti.

Mi 90 nimekaa nayo miaka sita, 120 ndo ninayo mpaka saivi, na 150 ni ya ofisini ila naendesha karibu kila wiki, kwa hiyo siongei vya kusikia. Ile mpya kabisa, 250, nitaigusa kidogo huko mbele, ila kwa mfuko wa shemeji ile ni ya kuangalia ikipita.

Kwanza soma namba ya chesisi

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Mtu anakwambia "nauza Prado TX" afu basi, na TX ni daraja la vikorombwezo tu, ipo TX ya 90, ipo ya 120, ipo ya 150. Kinachokwambia ukweli ni msimbo wa modeli ulio kwenye kadi na kwenye namba ya chesisi. Herufi mbili za mwanzo ni injini, namba ya mwisho ni kizazi. KZJ95 ni 90 ya dizeli 3.0 ya zamani, KDJ120 ni 120 ya dizeli 3.0 ile ya komputa, TRJ120 na TRJ150 ni petroli 2.7, GRJ ni petroli V6 ya 4.0, GDJ150 ni dizeli 2.8 mpya. Ukishajua hizo, hamna dalali wa kukuzungusha.

Na kuna jambo jingine zuri zaidi. Prado iliyouzwa Japani chesisi yake inaanza na huo msimbo wenyewe, mfano TRJ150 afu kistari afu namba. Ukikuta chesisi ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na JTE, hiyo iliundwa kwa ajili ya soko la nje ya Japani, inaweza kuwa ilikuja mpya hapahapa, inaweza kuwa ilikuwa ya shirika, na inaweza kuwa imetoka Uingereza. Hii ya Uingereza shika kichwani, nitairudia maana ina kutu.

Miaka yenyewe: 90 ni 1996 mpaka 2002, 120 inaanzia mwishoni mwa 2002 mpaka 2009, na 150 inaanzia 2009 ikaenda zaidi ya miaka kumi hadi 250 ilipokuja kuipokea. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii 150 ni mpya" muulize mpya ya lini, maana ya 2009 na ya 2020 sura zinafanana kwa mbali lakini chini ya boneti ni magari mawili tofauti.

Injini, hapa tukae

Nianze na 90 maana ndo iliyonifundisha adabu. Yangu ilikuwa KZJ95, injini 1KZ, dizeli 3.0 yenye tabo. Raha yake ni kwamba nozeli zake ni za kizamani, fundi yeyote wa dizeli mwenye akili anazifungua, anazipima, anabadilisha ncha, unaondoka. Vijijini huko inakula dizeli ya madumu bila kununa sana. Ubaya wake unajulikana dunia nzima: haipendi joto. 1KZ ikichemsha mara moja tu vibaya, silinda hedi inapasuka.

Na hapa Dodoma tuna tatizo letu wenyewe, maji. Maji yetu yana chumvi, kila mwenye birika anajua ule utando mweupe unaobaki chini. Sasa mimi kwa ujinga wangu nilikuwa naweka maji ya bomba kwenye rejeta miaka na miaka, kulanti naiona ni anasa ya watu wa Dar, na juu ya hapo kuna fundi alinitolea na termostati akasema kwenye joto hili haina kazi. Ule utando wa kwenye birika ukawa unajijenga ndani ya rejeta taratibu. Siku hiyo natoka Kondoa naenda Babati, barabara bado vumbi wakati huo, gunia kumi za alizeti nyuma, napanda vilima vya Kolo mshale wa temprecha ukaanza kunyanyuka, nikajipa moyo nafika juu nisimame, sikufika. Moshi mweupe, maji yanatokea kwenye ekzosti, hedi imepasuka. Nililala Kolo, siku nne nimesubiri hedi ya mtumba ije na basi kutoka Dar, na hela niliyotumia ningenunua kulanti ya kuogea mwaka mzima. Sisemi gari ilikuwa mbovu, mbovu nilikuwa mimi. Ila jua kwamba 2.7 ya petroli ingenisamehe pale, 1KZ haisamehi. Kwa hiyo ukienda kwa yule mzee wa Nkuhungu, kabla ya yote fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi. Ukiona maji meupe kama ya pampu au yenye kutu ya kahawia, mshukuru mzee, kunywa soda yake, nenda nyumbani.

120 ya dizeli, KDJ120, inatumia 1KD. Hii ina nguvu kwelikweli kuliko 1KZ, na kwa mafuta iko vizuri, mtu ukitoka 90 ukapanda hii unajiona umepanda cheo. Lakini nozeli zake ni za komputa, zinarusha dizeli kwa presha kubwa mno, uchafu kidogo au maji kidogo kwenye dizeli zinaanza kugonga. Nne mpya ukizipigia hesabu unaanza kuangalia zizini una ng'ombe wangapi. Kingine ambacho wauzaji hawasemi, 1KD nyingi zina tabia ya washa za shaba chini ya nozeli kuvujisha moshi wa ndani, moshi unachafua oili, oili inageuka masizi mazito, masizi yanaziba chujio la ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mwisho injini inakosa oili ikiwa spidi 100. Dawa sio ngumu: unaponunua, mwambie fundi afungue sampu aangalie lile chujio, ni kazi ya saa chache. Muuzaji akikataa, umepata jibu lako bila kufungua kitu. Na 1KZ na 1KD zote zinatumia taiming belti, ya 1KD ina taa yake kwenye dashibodi inayowaka ikifika kilomita za kubadilisha, na nshawahi kuona gari ambayo taa hiyo ilizimwa tu na belti haikuguswa.

Sasa petroli 2.7. Kwenye 120 za mwanzo ilikuwa 3RZ, kuanzia 2004 ikaja 2TR, na hii 2TR ndo imeendelea mpaka kwenye 150. Haina tabo, haina nozeli za presha, inatumia cheni badala ya belti, na mafundi wa hapa wanaifahamu kama wanavyofahamu Hilux, maana ni injini moja na Hilux na Hiace nyingi. Ubovu wake ni mmoja, haina nguvu. Kwenye 120 ambayo haifiki tani mbili inajikokota vizuri tu. Kwenye 150 inayopita tani mbili, weka watu saba na mizigo, afu panda kutoka Dumila kuja Gairo nyuma ya lori la saruji, ukitaka kulipita lazima uombe kwanza. 150 za 2.7 kabla ya katikati ya 2015 zina otomatiki ya gia nne, ileile kama ya 120, kuanzia pale wakaweka gia sita na injini ikaboreshwa kidogo, hiyo inapumua. Kwa hiyo mtu anayeagiza TRJ150 ya 2010 akidhani anapata mwendo wa kisasa, anapata mwendo wa 120 kwenye mwili mzito zaidi. Mi nimeziendesha zote mbili wiki moja, 120 yangu inaondoka taa za barabarani nyepesi kuliko 150 ya ofisi, na dereva wetu wa ofisi hataki niliseme hili.

V6 4.0 ni tamu. Sina la kuongeza, ni tamu na inakunywa, kama mshahara wako unatosha sheli ya kila siku tatu usiniulize mimi.

Tukija dizeli ya 150 hapa kuna kamtego ambako watu hawakajui. Toyota waliacha kuuza Prado ya dizeli Japani mwaka 2007, wakaja kuirudisha katikati ya 2015 na injini mpya ya 2.8, 1GD. Maana yake, ukiona 150 ya dizeli ya 2010, 2012, 2014 inatangazwa, hiyo haikutoka soko la Japani, hata iwe na stika za kijapani kwenye kioo. Ina 1KD, na imetoka kwingine. Zile zilizokuja mpya hapahapa Tanzania ni nzuri kama zilitunzwa. Zilizotoka Uingereza, ambako hata jina la Prado hawalitumii, wanaita Land Cruiser tu, ndo zile nilisema. Kule baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi inakula chesisi kutokea ndani. Unaikuta gari juu inang'aa kama sahani ya harusi, ukiingia chini na nyundo ndogo ukagonga chesisi maeneo ya nyuma karibu na springi, inatoa mlio wa debe.

Afu hizi GDJ150 za 2015 kuja juu kutoka Japani. Nguvu nzuri, cheni badala ya belti, gia sita, mafuta kidogo, kwenye lami ndo Prado bora kati ya zote ninazozizungumzia. Tatizo liko kwenye ekzosti. Zina chujio la masizi ambalo linatakiwa lijichome lenyewe kila baada ya muda, na toleo la Japani lina na tenki la maji ya urea, ile AdBlue. Hilo chujio limesumbua hata wenye barabara nzuri, Australia kesi ilifika mahakamani na mwaka 2022 mahakama yao ikasema magari ya injini hizi yaliyouzwa tokea Oktoba 2015 yalikuwa na kasoro kwenye mfumo huo. Sasa we chukua gari ya namna hiyo uipeleke Kwa Mtoro na dizeli ya dumu. AdBlue hapa mjini utaipata kwa watu wa malori mapya, ila gari ikiishiwa inakuonya, inakuonya tena, na ukiipuuza mpaka tenki kavu ukizima haiwaki. Jamaa mmoja wa jengo letu anayo, anaipenda, ila anatembea na dumu la AdBlue kwenye buti kama mtu anayemnyonyesha mtoto anavyotembea na chupa.

Chini ya gari

Watu wanabishana sana ipi inapita porini zaidi, na mi nawaambia tofauti ni ndogo kuliko mnavyodhani. Zote tatu, nyuma ni ekseli moja ngumu na springi za koili, mbele kila tairi inajitegemea, zinavuta miguu yote minne muda wote, zina gia za chini na loki ya difu ya kati. 150 imeongezewa mambo ya kompyuta, gari inajiendesha yenyewe taratibu kwenye mawe we unashika stelingi tu, na zile za juu zina KDSS inayofanya gari isilale kwenye kona huku porini miguu inajinyoosha. Ni vizuri, sitadanganya.

Lakini Februari moja tulikuwa magari mawili tunarudi kutoka Kwa Mtoro, mvua imenyesha usiku, ule udongo mweusi wa mbuga umekuwa kama ugali wa ulezi. 90 yangu wakati huo ilikuwa na tairi 265/70 za rimu 16, zenye meno. 150 ya mwenzetu ilikuwa na rimu 18 zilizotoka nazo Japani, tairi za lami, zimejaa udongo zikawa laini kama donati. Alibonyeza kila kitufe. Tulimtoa kwa kamba. Sio kwamba 90 ni bora, ni kwamba tairi nne zilifanya kazi ambayo kompyuta haikuweza, na tairi ya rimu 16 ina ukuta mrefu, kwenye rasta, ile mikunjo ya barabara ya vumbi, inakulinda kiuno, na ikipasuka hata Kondoa unapata nyingine. Ukinunua 150 yenye rimu 18, hela ya rimu 17 na tairi nzuri iweke kwenye bajeti siku hiyohiyo.

90 ina ugonjwa mmoja wa hatari ambao lazima uangaliwe, boljointi ya chini mbele, kile kiungo kinachoshikilia tairi. Ikichoka haikuagi, inachomoka na tairi inalala chini ya gari, ukiwa spidi ni habari nyingine. Kwenye 120 walibadilisha mpangilio na hilo tatizo sisikii sana. 120 yenyewe bushi za mbele zinakwisha kwa rasta, ni kawaida, ni kama viatu.

Za juu, TZ, kwenye 120 na 150, nyuma zina springi za upepo. Ukiwa Dar barabara laini ni raha. Kwa vumbi letu zinapasuka, gari inakaa matako chini, na wengi wanaishia kuzitoa na kuweka koili za kawaida. Ukikuta zimeshabadilishwa vizuri usiogope, ila hakikisha taa zinazohusiana kwenye dashibodi hazikuzibwa na kipande cha soletepu. Nimeona.

Ndani nitapita haraka. 150 ni sebule, 120 ni ofisi, 90 ni stoo. Kwa mwenye magunia: siti za nyuma kabisa za 120 zinakunjwa pembeni zinakula nafasi, mi zangu nilizitoa zimekaa stoo nyumbani mama watoto anakalia akimenya karanga. Za 150 zinalala sakafuni, za juu zinalala kwa umeme, ni vizuri mpaka mota iingiwe na vumbi. Mlango wa nyuma kwenye zote tatu unafunguka kwa pembeni, na 90 na 120 nyingi zimebeba tairi la akiba mgongoni, mlango unachoka bawaba, ukiufungua ukaona unashuka kidogo ujue gari imekula rasta za kutosha hata kama kilomita zinasema 80,000.

Kodi, na kwa nini usiagize 120

Hapa shemeji ndo alikuwa anakosea hesabu. Bei ya kule Japani sio bei. Kuna ushuru wa forodha 25%, bidhaa 10% kwa sababu Prado zote zinapita cc 2000, VAT 18%, na juu ya hapo kuna uchakavu, miaka 8 mpaka 10 ni 15%, ikipita 10 ni 30%, na zinapandiana, sio za kujumlisha kwa vidole. Na TRA hawatumii bei uliyonunulia, wanatumia thamani yao, ipo kwenye kikotoo chao mtandaoni, ingia uandike modeli na mwaka kabla hujamtumia mtu hela.

Sasa angalia. 120 ya mwisho kabisa ni ya 2009. Kwa hiyo kila 120 duniani leo iko kwenye 30%. Na 150 ya 2010 nayo iko kwenye 30% hiyohiyo. Ukiagiza 120 leo unalipa kodi kubwa kwa gari ambayo hapa mjini zipo kibao zimeshalipiwa, zina namba C na D, unaweza kuigusa, kuinusa, kuiendesha mpaka Chamwino na kurudi. 120 nunua mkononi hapahapa. 90 ndo usiseme, kuagiza 90 ni kupeleka mkaa Kondoa. Gari ya kuagiza ni 150 yenye umri chini ya miaka 10, ambapo uchakavu unapungua au haupo, na kwa bahati nzuri hizo ndo zenye gia sita. Hizi za katikati, 150 ya 2009 mpaka 2014 ya 2.7, ndo naziona hazina faida: kodi ya mzee, gia za mzee, bei ya kijana.

Namba nayo isikuchanganye, namba E inakwambia gari ilisajiliwa lini hapa, haisemi ilitengenezwa lini. Kuna 120 za 2005 zina namba E.

Ikiharibika, nani ataigusa?

Kwangu hili ndo swali lenyewe, hayo mengine ni mapambo. Kabla hujachagua kizazi, chora ramani ya wiki yako. Zamani ukiishi Dodoma kila safari ilikuwa ya porini, saivi Babati lami, Iringa lami, Singida lami, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 mi mwenyewe Dar siendi na gari, familia inapanda treni inafika haijachoka. Kwa hiyo mtu wa Kisasa kwenda Mtumba na kurudi, Jumapili kanisani, mara moja kwa mwezi Morogoro, huyo hana sababu ya kuogopa kompyuta. 150 ya 2016 kuja juu, petroli 2.7, imfae. Ikiwaka taa, mafundi wenye mashine za kusoma gari hapa mjini wapo.

Ila shemeji kila wiki ya tatu yuko Kwa Mtoro, na msimu wa kupanda yuko kule siku kumi. Ukiacha lami ukaanza kuvuka yale makorongo yanayopeleka maji mto Bubu, fundi uliyenaye ni yule wa pikipiki na trekta. Huyo ukimpelekea TRJ120 atakupa majibu: plagi, pampu ya mafuta, koili ya plagi, kichujio, waya, anajua. KZJ95 ataifungua na kuimba. KDJ120 atajaribu, ila nozeli hatazigusa na akizigusa mkataze. GDJ150 ataifuta vumbi.

Na spea. Za 120 zipo Dodoma, mpya, mtumba, feki, chagua dhambi yako, na ambazo hazipo unapiga simu Dar asubuhi jioni ziko stendi. Za 90 bado zipo lakini bodi, vioo na mapambo ya ndani vimeanza kuwa vya kuwinda. Za 150 zipo ila nyingi ni ghali, taa moja ya mbele ya zile za baada ya 2017 inaweza kukuharibia mwezi.

Ile 250

Ilitangazwa Agosti 2023, Japani ikaanza kuuzwa Aprili 2024, kule wakaacha kabisa jina la Prado wanaiita Land Cruiser 250. Imejengwa kwenye chesisi ya familia moja na Land Cruiser 300, stelingi ni ya umeme, dizeli ni ileile 2.8 ila na gia nane, na cha kushangaza bado kuna toleo la 2TR 2.7, injini ya 2004 kwenye gari ya 2024, ujue hiyo injini ina nini. Umbo wamelirudisha la kibabe, pembe pembe kama gari za zamani. Mlango wa nyuma sasa unafunguka kwenda juu, mvua ikinyesha una paa. Nimeiona, nimeishika, nimerudi kwenye 120 yangu.

Nilichomwambia shemeji

Nimemwambia 90 aiache, labda kama anataka gari ya pili ya shamba tu, ilale kule kule Kwa Mtoro na kulanti yake, hapo ndo ningemwambia mchukulie yule mzee. KDJ120 aikubali tu kama muuzaji atakubali sampu ifunguliwe. 150 asubiri, akipata hela ya kuanzia 2016 sawa, akikosa asijilazimishe na ya 2010. Achukue TRJ120, ya 2005 kuja juu, TX ya kawaida isiyo na springi za upepo, na hela itakayobaki anunue tairi na abadilishe bushi zote za mbele kabla ya masika.

Akabisha kidogo, eti watu wa ofisini watamwona wa zamani. Nikamwambia hao watu wa ofisini siku akinasa Farkwa hawatakuwepo.

Ile ya Area C tunaenda kuiona Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nimemwambia mwenye nayo asiiwashe kabla hatujafika, nataka niisikie ikiamka baridi. Nabeba tochi, nyundo ndogo na turubai la kulalia chini. Chesisi nimeshatumiwa picha, inaanza na TRJ120, ni ya 2006, mpaka hapo sina tatizo nayo. Kitu kimoja tu kimenishinda, rangi ni nyeusi. Prado nyeusi, Dodoma, na vumbi hili. Hilo nimemwambia akajadiliane na dada yangu, maana ndo atakayekuwa anaiosha.